Majina ya washiriki wetu: namna ya kuyatunza kwa kompyuta bila kuyapoteza



Ukifungua Ezra mlango wa 2 na Nehemia mlango wa 7 na kuiweka milango hiyo kando kwa kando, utaona orodha moja iliyoandikwa mara mbili. Ni jamaa za Israeli waliorudi kutoka uhamisho wa Babeli. Lakini hesabu hazilingani. Wana wa Ara ni 775 kwa Ezra, na kwa Nehemia ni 652. Wana wa Azgadi ni 1,222 upande mmoja na 2,322 upande wa pili. Jumla iliyoandikwa mwishoni ni ile ile, 42,360, ila ukichukua kalamu na kujumlisha jamaa moja moja unapata 29,818 kwa Ezra na 31,089 kwa Nehemia. Walimu wa Biblia wametoa maelezo mbalimbali, na hatuyaleti hapa. Wala hatusemi haya ili kutia mtu mashaka juu ya Neno. Tunachotaka tuone ni hiki: orodha iliyopita mikononi mwa makuhani na waandishi, watu waliojua kazi yao, imetufikia katika nakala mbili zisizokubaliana. Basi sisi wa Baraka, Fizi na Ubwari, ambao majina yetu yako nusu ndani ya kaye, nusu ndani ya simu ya katibu, na nusu nyingine ndani ya kompyuta ya ofisi (ndiyo, nusu tatu, ndivyo ilivyo), tusishangae kuona zetu zinapingana.

Makatibu wa paruasi wanatuuliza swali moja kila tukikutana nao: tutumie programu gani? Ni swali zuri na tutalijibu. Lakini programu ni sehemu ndogo ya kazi. Kompyuta haijui kwamba Mama Fulani amehamia Kalemie. Inajua tu kile mtu alichoiambia, na itaendelea kukisema miaka yote hata kikiwa uongo.

Orodha ni ya nini

Nchi yetu haijafanya sensa ya watu tangu mwaka 1984. Wengi wetu kitambulisho chetu ni kadi ya uchaguzi, na mtoto hana kadi ya uchaguzi. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Kazimia au Sebele, ambaye wazazi wake hawakufika kwa ofisi ya serikali kumwandikisha, mara nyingi maandishi ya kwanza yenye jina lake ni ya kanisa: siku alipoombewa mbele ya kusanyiko, na baadaye siku ya ubatizo wake. Shule ikitaka kujua umri wake, mzazi anakuja kwa mchungaji.

Tena kuna vita vya 1996. Watu wa Fizi walivuka ziwa kwa maelfu kwenda Tanzania. Makanisa yalizaliwa upya ndani ya kambi za Nyarugusu na Lugufu, watu wakabatizwa huko, wakafunga ndoa huko, wakazika huko. Kuanzia mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka. Waliorudi walikuja na kadi za ubatizo za makanisa ya kambini, zingine zimelowa, zingine hazisomeki. Na wengine hawakurudi. Wako Nyarugusu hadi leo, au walipelekwa Marekani, Kanada na Australia, na kutoka huko wanaandika kuomba barua inayothibitisha kwamba walikuwa washiriki wa paruasi fulani pwani ya Ubwari. Nani atawajibu, na kwa daftari gani?

Hapo Ezra na Nehemia wanatufundisha jambo jingine. Kati ya waliorudi kulikuwa na wana wa Barzilai. Babu yao alioa binti wa Barzilai Mgileadi, akaitwa kwa jina la ukoo wa mke wake. Walitafuta maandishi yao ya nasaba, hayakupatikana, wakazuiwa ukuhani. Yaani jina lilibadilika kwa ajili ya ndoa, na vizazi vya baadaye vikakosa ushahidi. Lakini tazameni uamuzi wa liwali: hakuwafukuza katika taifa. Aliwaambia wasile vitu vitakatifu sana mpaka asimame kuhani mwenye Urimu na Thumimu. Kwa lugha ya ofisi zetu, aliwaandika kuwa wanasubiri uthibitisho. Tutarudi kwa neno hilo, maana ni dawa kubwa.

Mfuko wa msiba

Katika paruasi moja ya Ubwari, ambayo hatutaitaja, mama mmoja alifiwa na mume wake aliyekuwa mbali katika kazi ya uvuvi. Familia ilipokuja kuomba msaada wa mfuko wa msiba, kamati ilifungua kompyuta, jina la marehemu halikuwemo. Walitafuta tena, wakatafuta kwa jina la Kibembe, halikuwemo. Wazee wakasema sheria ni sheria: asiyekuwa mshiriki mfuko haumhusu. Mama alizika kwa deni. Sanduku kwa deni, mchele kwa deni, hata mafuta ya boti iliyoleta mwili kwa deni.

Baada ya majuma kadhaa katibu wa zamani, mzee aliyekwisha kupumzika kazi, alitoa kaye yake chini ya kitanda. Michango ya yule ndugu ilikuwa imeandikwa mwezi kwa mwezi, hadi mwezi uliotangulia kifo chake. Ikajulikana kwamba kabla ya ukaguzi wa mwaka kijana mmoja aliambiwa asafishe orodha, akaondoa wote ambao hawakuonekana ibadani kwa miezi sita. Na mvuvi aliye kambini mwa wavuvi haonekani ibadani kwa miezi sita. Mfuko ulimlipa mama, lakini alikuwa amekwisha kuuza mashine yake ya kushona.

Yule kijana hakuwa mwizi wala mvivu. Alifanya alivyoagizwa, kwa haraka na kwa usafi, na kompyuta ilimsaidia kufanya hivyo. Kwa daftari la karatasi ingemchukua siku nyingi kufuta majina mengi hivyo, na mstari wa kalamu ungebaki ukionekana. Kwa kompyuta ilikuwa kazi ya dakika moja, na hakuna alama iliyobaki. Hapo ndipo ilipo hatari ya chombo hiki, na hapo ndipo kanuni yetu ya kwanza inapotoka: jina la mtu halifutwi kamwe. Linabadilishiwa hali.

Timotheo aliagizwa kuandika wajane katika orodha na kuangalia umri wao na matendo yao (1 Timotheo 5:9). Kanisa la kwanza lilikuwa na orodha kwa sababu lilikuwa na mkate wa kugawa. Palipo na mkate, jina lililokosekana ni tumbo lililokosa chakula.

Namba, hali, na ukurasa wa mabadiliko

Tuingie sasa katika kazi yenyewe. Paruasi nyingi zitaanza na jedwali la kawaida, Excel kwa aliye nayo, au LibreOffice Calc ambayo ni ya bure na inafanya kazi ile ile bila intaneti. Hiyo inatosha kwa paruasi ya watu mia tano. Inatosha hata kwa elfu mbili, ikiwa mwenye kuishika ana nidhamu.

Jambo la kwanza ni kumpa kila mshiriki namba ya kudumu. Msitumie jina kama ufunguo. Huku kwetu majina yanarudiarudia sana: katika kwaya moja utakuta akina Wilondja watatu, na Asukulu wawili wa umri mmoja. Jina lile lile linaandikwa Wilondja, Wilonja, Wilondia. Mlondani mmoja ana alama ya kikato baada ya M, mwingine hana. Estera kwa Kiswahili ni Esther kwa Kifaransa. Mama anajulikana kijijini kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na siku ya kuandikishwa wengine hutaja hilo. Waliokaa kambini, wengine wana jina la kambini na jina la nyumbani. Kwa macho ya mwanadamu hawa ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni watu wanne. Lakini KAZ-0147 ni mtu mmoja tu, leo na miaka thelathini ijayo, hata akiolewa, hata akihama, hata akifa. Namba ya marehemu hapewi mtu mwingine.

Wekeni safu moja ya jina kama lilivyo kwenye kadi ya uchaguzi au kadi ya ubatizo, na safu nyingine ya majina mengine anayoitwa. Safu hiyo ya pili wengi huiona kama upuuzi. Lakini ndiyo itakayokusaidia siku mjukuu akitoka Nyarugusu na kuuliza habari za bibi yake, akijua jina moja tu la utani.

Jambo la pili ni safu ya hali. Tunashauri maneno matano tu: yupo, yuko safarini, amehamia kwingine, anasubiri uthibitisho, amefariki. Programu inakuruhusu kufunga safu hiyo ili mwandishi achague kati ya maneno hayo, asiandike ya kwake. Bila kufunga hivyo utakuta mmoja ameandika «safari», mwingine «voyage», mwingine «hayupo», na mwisho wa mwaka hakuna anayejua wako wangapi. Anayesubiri uthibitisho ndiye ndugu yetu wa ukoo wa Barzilai: amekuja na kadi isiyosomeka, au anasema alibatizwa Lugufu na mchungaji aliyembatiza amekufa. Anaketi nasi, anaimba nasi, anafarijiwa akifiwa. Kamati inatafuta mashahidi wawili, na tarehe ya kuanza kutafuta imeandikwa, ili asisubiri miaka kumi kwa uzembe wetu.

Mshiriki aliye chini ya nidhamu tusimwandike hivyo katika jedwali hili. Habari hiyo ni ya mchungaji na wazee, ikae katika daftari lao lenye kufungwa. Tumeona mafaili yakizunguka simu kwa simu, na dhambi ya mtu iliyotubiwa zamani ikisomwa na vijana wa kwaya.

Jambo la tatu, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote, ni ukurasa wa pili ndani ya faili hilo hilo. Uiteni Mabadiliko. Kila kitu kinachobadilishwa katika orodha kinaandikwa hapo kwa mstari mmoja: tarehe, namba ya mshiriki, kilichobadilika, nani alileta habari, nani aliandika. «12/03/2025, KAZ-0147, kutoka yupo kwenda safarini, habari imeletwa na mzee wa kartie, ameandika katibu.» Ni kazi ya nusu dakika. Katika paruasi tuliyoisimulia, ukurasa huo ungeonyesha siku ya kufuta, mkono uliofuta, na sababu, na wazee wangepata ukweli siku ile ile maiti ikiwa bado ndani ya nyumba. Tukipata paruasi yenye orodha mbaya lakini yenye ukurasa huu, tuna tumaini nayo. Paruasi yenye orodha nzuri sana isiyo na ukurasa huu tunaiogopa kidogo.

Mitego ya jedwali

Makatibu wametuletea mafaili yaliyoharibika, na sababu ni karibu zile zile.

Mbaya kuliko zote ni kupanga safu moja peke yake. Katibu anataka majina yafuate alfabeti. Anachagua safu ya majina tu, anaamuru kompyuta ipange. Programu inamuuliza kama apanuliwe uchaguzi, yeye anajibu haraka bila kusoma. Majina yanajipanga, tarehe za ubatizo zinabaki pale pale. Sasa kila mtu ana ubatizo wa jirani yake, na faili linaonekana zuri kabisa. Anayegundua ni mchumba anayekuja kutafuta barua ya ndoa na kukuta alibatizwa kabla ya kuzaliwa. Dawa yake: kabla ya kupanga chochote, hifadhini nakala yenye tarehe ya siku hiyo, kisha chagueni jedwali lote.

Namba za simu nazo. Ukiandika 0 mwanzoni, programu inadhani ni hesabu na inaila hiyo sifuri. Wekeni safu ya simu kuwa ya maandishi kabla ya kuanza kuandika. Tarehe vilevile: 03/04/2019 kwa kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa ni tarehe 3 mwezi wa nne, kwa iliyopangwa kwa namna ya Marekani ni tarehe 4 mwezi wa tatu. Kompyuta nyingi tunazopewa kama zawadi zimetoka Marekani. Angalieni kabla, au andikeni mwezi kwa jina lake.

Kutafuta majina yaliyorudiwa, Excel ya Kifaransa ina fomula ya NB.SI inayohesabu mara ngapi kitu kimo katika safu. Inasaidia, lakini inaona tu yaliyoandikwa sawasawa herufi kwa herufi. Wilondja na Wilonja itawapita. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka wasomeeni wazee wa kila kartie majina ya watu wao kwa sauti. Mzee asiyejua kuwasha kompyuta atakuambia kwa mara moja tu: hawa wawili ni mtu mmoja, na huyu alikufa wakati wa kipindupindu.

Halafu kuna nakala. Tumeona katika simu moja mafaili manne: LISTE, LISTE FINALE, LISTE FINALE 2, na LISTE FINALE VRAI. Kila moja ilikuwa na majina yasiyokuwa katika nyingine. Richard Burton na mwenzake Speke walipopita kwa mtumbwi mwaka 1858, Ubwari iliandikwa kuwa kisiwa. Sisi tunaoishi hapa tunajua ni rasi, mtu anatoka kwa miguu. Lakini kosa likisha kuandikwa husafiri lenyewe, na anayekopa kitabu hakopi shaka pamoja nacho. Faili mama liwe moja, likae kwa mtu mmoja, na wengine wapewe nakala ya kusoma tu. Kwaya, idara ya akina mama, vijana, kikundi cha AVEC, wote wakiwa na mabadiliko walete kwa huyo mmoja. Viongozi wa kwaya hawatapenda. Wanaona orodha yao ni ufalme wao.

Programu nyingine

Wengi wenu mmeona vijana wa mashirika wakipita nyumba kwa nyumba na simu, wakiuliza maswali na kujaza. Mara nyingi ni KoboToolbox, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Harvard. Ni ya bure kwa kazi ndogo kama yetu, fomu inakaa ndani ya simu, unajaza mahali pasipo na mtandao, na ukifika penye mtandao inatuma. Kwa Ubwari hiyo ni neema. Lakini Kobo ni kapu la kukusanyia, si ghala. Itumieni kwa kuandikisha watu mara ya kwanza, kisha hamisheni katika jedwali lenu.

Kuna pia ChurchCRM, ya bure, iliyoandikwa kwa ajili ya makanisa hasa. Ina familia, vikundi, matoleo. Inataka mtu anayejua kuitunza kwenye seva, na umeme usiokatika. Kwa ofisi ya wilaya Baraka inaweza kufaa. Kwa paruasi inayochaji simu kwa sahani moja ya jua, hapana. Tena inapanga watu kwa familia, na hapo lazima kufikiri. Familia zetu hazifuati karatasi ya Ulaya. Bibi analea wajukuu sita ambao wazazi wao wako nchi tatu. Mke ni mshiriki, mume si mkristo. Mjane anakaa kwa shemeji. Kabla ya kujaza, kamati iamue nani anaandikwa pamoja na nani, na iandike uamuzi huo.

Hesabu mbili za mchungaji

Tuseme na hili, ingawa litatuchoma sisi wachungaji. Kuna paruasi zenye hesabu mbili. Siku ya kugawa viti vya wajumbe katika mkutano mkuu, washiriki ni wengi. Siku ya kugawa mchango wa ofisi kuu kulingana na idadi ya washiriki, wamekuwa wachache ghafula. Na shirika likija na maturubai na sabuni, wanaongezeka kupita mara zote. Hakuna programu itakayotibu hilo. Daudi alihesabu watu kwa kiburi na taifa likapata tauni (2 Samweli 24). Mchungaji wa Luka 15 alihesabu pia, na kwa sababu alijua ni mia, alijua mmoja hayupo. Kazi ni ile ile, kuhesabu. Wa kwanza alitaka ukubwa, wa pili alitaka yule mmoja. Tunapendekeza kila hesabu inayotumwa wilayani iwe na tarehe na iwe na namba ya mstari wa mwisho wa ukurasa wa Mabadiliko, ili yeyote aweze kuangalia imetoka wapi. Hapo hesabu ya pili inakuwa ngumu kutengeneza.

Safu ambayo hatutaiweka

Fomu moja iliyotuletwa ilikuwa na safu ya kabila. Aliyeitengeneza hakuwa na nia mbaya. Aliona takwimu za namna hiyo mahali pengine. Tuliiondoa siku hiyo hiyo, na tunawaomba nanyi muiondoe.

Katika Rwanda utawala wa Wabelgiji uliweka kabila katika kitambulisho katika miaka ya 1930. Mwaka 1994 karatasi ile ilikuwa hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya barabara. Uholanzi ilikuwa na daftari za watu zilizotunzwa vizuri sana, pamoja na dini ya kila mmoja, na zilipoingia mikononi mwa Wajerumani zilitumika kuwatafuta Wayahudi; tarehe 27 Machi 1943 wapinzani wa utawala ule walichoma ofisi ya daftari ya Amsterdam. Orodha zile hazikuwa na makosa. Usahihi wake ndio uliosaidia wauaji. Wapendwa, sisi tunaishi Fizi. Tunajua milima iliyo juu yetu na silaha zilizomo, tunajua nani amemkimbia nani. Usahihi wa orodha unaanza na kuamua nini kisiandikwe. Kabila lisiandikwe, ugonjwa usiandikwe, kiasi cha sadaka cha kila mtu kisikae katika faili hili. Sheria ya nchi pia, ile ya kidijitali namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Faili liwe na neno la siri linalojulikana na watu wawili, na lisitumwe katika makundi ya WhatsApp hata kwa nia njema.

Wakati wa kufanya kazi hii, na mahali pa kuweka nakala

Kwa paruasi za wavuvi tunashauri kupitia orodha wakati wa mwezi mkubwa. Taa hazivuti ndagala mbele ya mwezi unaong'aa, vikosi vinapumzika, wanaume wako nyumbani wakishona nyavu. Siku hizo wazee wa kartie wapite na karatasi, Jumatatu katibu aandike. Mvuvi anayerudi kazini amwambie mzee wake anakwenda wapi, na hali yake iwe «yuko safarini». Haikatwi hali hiyo kwa kutoonekana. Inakatwa kwa habari iliyoletwa na mtu mwenye jina.

Nakala ziwe tatu, na moja isiwe pwani. Mwaka 2020 na tena 2024 tuliona ziwa likipanda na kuingia nyumba za watu katika miji kama Uvira na Kalemie, na Mei 2025 maji yaliangamiza watu wengi usiku mmoja huko Kasaba, sekta ya Ngandja. Flashi moja kwa katibu, moja ofisi ya wilaya Baraka, moja kwa paruasi ya mlimani, Fizi kwa mfano. Kila miezi mitatu mjumbe anayevuka aipeleke mpya na kurudi na ya zamani. Flashi isiyofunguliwa ni kama taa isiyojaribiwa. Mwenye kuipokea aifungue mbele ya aliyeileta, ahesabu mistari, aandike idadi kwenye karatasi na wote wawili watie sahihi. Tena kila mwaka chapeni orodha yote kwenye karatasi, wazee watatu watie sahihi kila ukurasa, iwekwe pamoja na vyombo vya Meza ya Bwana. Kompyuta ikifa, karatasi hiyo inasomeka bila umeme.

Paruasi ambayo haina kompyuta isingoje. Chukueni daftari kubwa, pigeni mistari yenye safu zile zile: namba, jina, majina mengine, mwaka wa kuzaliwa, ubatizo na mahali pake, kartie, hali. Nyuma ya daftari acheni kurasa ishirini za Mabadiliko. Kaye za makatibu wa zamani zikusanyeni sasa, wakiwa hai, na kabla mchwa hawajazifikia. Kijana mwenye simu nzuri azipige picha ukurasa kwa ukurasa, kwenye mwanga wa asubuhi, kisha kaye zirudishwe kwa wenyewe kama wanazitaka.